Twiga walitafutiwa mashua, sisi wa boti tukaambiwa pole

Bw. Mhariri,

Nimesoma ile habari ya utalii wa Kenya kupanda, wageni milioni 2.39 mwaka 2024 na mapato ya shilingi bilioni 452, ati ni rekodi, na mimi sibishani na hizo hesabu manake wanaohesabu wako uwanja wa ndege na sisi tuko huku Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo. Lakini mwaka huo huo si ndio ule wa mafuriko, Mhariri? Mwezi wa nne na wa tano watu zaidi ya 250 walikufa nchini, Mai Mahiu maji yalishuka usiku yakabeba nyumba na watu wamelala, na siku mbili baadaye mto Talek ukavunja kingo zake kule Maasai Mara ukaingia kempu zaidi ya kumi, mahema yakaelea, wageni wakatolewa kwa helikopta. Sasa mtu akisoma hiyo rekodi peke yake ataona kumbe mafuriko hayakugusa utalii hata kidogo, na wakubwa wanapenda sana aone hivyo.

Mimi naendesha boti ya watalii Ziwa Baringo na nataka niseme ninachokiona kutoka huku. Janga likipiga mahali mgeni haachi kusafiri, anahama tu. Alikuwa aje Baringo analala siku mbili kisha anaenda Nakuru, ataambiwa na kampuni yake kwamba Baringo kuna maji, atapelekwa Diani ama Amboseli, hela yake itaingia Kenya vilevile, na kwenye hesabu ya nchi hakuna kilichopotea. Aliyepoteza ni mwenye boti, mpishi, mama wa samaki, kijana wa kubeba mizigo, na huyo hayuko kwenye rekodi yoyote. Hata ndani ya kaunti moja ni hivyo hivyo, lodji ya juu mlimani inajaa kwa sababu ya chini imezama, halafu mtu anasimama kwenye mkutano anasema sekta imestahimili. Sekta ndiyo, nani anakataa, lakini sekta haina watoto wa kulipiwa karo.

Tena yetu ya Baringo ni mbaya zaidi manake haikuja usiku mmoja. Mafuriko ya Talek yalikuja, yakapiga, yakaondoka, matope yakafagiliwa na ilipofika Julai nyumbu wakivuka mto wageni walikuwa wamerudi na magari yao. Ziwa letu lilianza kupanda tangu 2010, 2011 hivi, pole pole, leo hatua moja wiki ijayo hatua mbili, mtu anahamisha kibanda chake nyuma kidogo anasema litarudi, halirudi, anahamisha tena. Wataalamu wa serikali waliandika kwamba 2010 ziwa lilikuwa kama kilomita mraba 128 na miaka kumi baadaye lilikuwa limepanuka sana kupita hapo. Hebu fikiria ziwa linapanuka hivyo na hakuna siku hata moja ambayo unaweza kusema leo ndio janga limetokea. Na kama hakuna siku ya janga basi hakuna helikopta, hakuna kamera, hakuna waziri mwenye gambuti.

Mito inayoingia ni kama Molo na Perkerra, ya kutoka haionekani, maji yanapenya chini kwa chini, kwa hiyo mvua ikizidi huko juu na misitu ya Mau na milima ya Tugen ikikatwa, udongo wote na maji yote yanakuja kwetu. Kuna wanaosema ni ardhi ya Bonde la Ufa inasogea, waseme, mimi naona maji yakiwa mekundu ya udongo kila mvua ikinyesha na hiyo inanitosha.

Wasiojua kazi yetu niwaeleze kidogo. Mgeni akifika anataka vitu vitatu, kiboko, mamba na furukombe, yule tai anayekula samaki. Viboko na mamba wako, hata wamezidi, tutafika huko. Furukombe ndio sarakasi yenyewe. Unanunua samaki wadogo asubuhi kwa wavuvi, unamtia samaki kijiti cha mti mwepesi ili asizame, unazima injini, unapiga mluzi ukiangalia juu ya mti, unamrusha samaki mbali kidogo na boti na mgeni ameshika kamera yake, na yule ndege anashuka na kucha mbele anamchukua bila kugusa maji sana. Mgeni akipata hiyo picha hata bakshishi inakuja yenyewe. Wavuvi wamepata, mimi nimepata, mwenye petroli amepata, na mama wa chapati pale juu naye amepata manake wageni wakirudi wana njaa. Hiyo ndio biashara ya utalii kwetu, ni msururu wa watu na hakuna hata mmoja wao mwenye insurensi.

Sasa maji yalipokuja yalianza na miti. Migunga yote ya kando ikafa ikiwa imesimama, na baada ya miaka inaanguka moja moja chini ya maji ambapo huioni. Ukipita hapo na injini unasikia kishindo, pini ya propela imekatika, unaelea na wageni sita wazungu wanakuuliza kuna shida, unasema hakuna shida hapa tunaangalia ndege, huku unabadilisha pini na mikono inatetemeka manake umeona pua ya mamba pale. Si miti tu, kuna seng'enge za mashamba ya watu, kuna nguzo za stima, kuna kuta. Tunapita na boti juu ya mahali palipokuwa bustani ya hoteli. Zile hoteli na kempu za kando ya ziwa, za miaka mingi, watu walisoma kwa mishahara ya pale, zilikufa moja baada ya nyingine, paa linabaki juu ya maji na minandi wamekaa wanakausha mabawa.

Na nisipodanganya niseme pia kwamba kuna wageni wanaokuja kuona hizo hoteli zilizozama. Wanauliza baa ilikuwa wapi, bwawa la kuogelea lilikuwa wapi, wanapiga picha za mabati yanayotokeza majini. Tunawapeleka, hela ni hela, ila ni kazi ngumu kumweleza mtu kwa kicheko mahali ndugu yako alikuwa mpishi.

Viboko nao, zamani walikuwa na nyasi zao na sisi tuna barabara yetu. Nyasi zikazama. Siku hizi usiku wanakula nyuma ya nyumba za watu, na kuna watu wameumizwa na wengine wameuawa na viboko na mamba kando ya hili ziwa, fidia yake ukiidai utazeeka ofisini. Mgeni akisikia hiyo habari haji na watoto, na ukweli simlaumu.

Halafu ikaja ile ya twiga, Mhariri. Nina hakika hata gazeti lako liliichapisha manake dunia nzima iliichapisha. Pale Longicharo, kwenye hifadhi ya jamii ya Ruko, palikuwa na twiga walioletwa 2011 pakiwa bado ni nchi kavu iliyoingia ziwani, maji yakazunguka pakawa kisiwa, kisiwa kikaendelea kupungua. Desemba 2020 wakatengenezewa mashua ya chuma inayoelea juu ya mapipa matupu, ina kuta ndefu ili twiga asiruke, wa kwanza anaitwa Asiwa akavushwa akiwa amesimama ameangalia mbele kama bibi harusi, na kufika Aprili 2021 wote tisa walikuwa wamevuka. Mimi nilifurahi, ni kazi safi na waliofanya hawakulala, na hao twiga ni wachache sana duniani. Sina neno na twiga. Swali langu ni kwamba mbona ilipatikana akili ya kutengeneza mashua ya twiga tisa, kila mmoja ana jina na picha, na wakati huo huo familia kwa maelfu kuzunguka hili ziwa zilikuwa zimehama, shule zimeingia maji, zahanati zimeingia maji, barabara ya kwenda Loruk imeingia maji, na watu wa boti wamekaa bila kazi kwa sababu ya ziwa na korona kwa pamoja, na kilichopatikana kwa hao ni unga, maharagwe na pole? Mwaka huo wa korona serikali ilitangaza mikopo nafuu ya kuinua hoteli. Mkopo unataka dhamana. Kuna mzee hapa ana hati ya shamba safi kabisa, ina muhuri, iko kabatini, na shamba lenyewe liko chini ya maji nikipita juu yake na boti. Akaulize benki gani?

Majirani zetu wa Bogoria na Nakuru nao wana yao. Bogoria ile barabara ya ndani ya kwenda kwenye chemchemi za maji moto ilimezwa na chemchemi zenyewe nyingi zikafunikwa, yaani kile kitu ambacho mgeni alilipa kuja kuona kikawa chini ya ziwa. Nakuru geti kuu la zamani la mbuga liliingia maji pamoja na ofisi, ikabidi lijengwe lingine. Lakini cha Nakuru kinachoniuma ni flamingo. Wale ndege wanakula mwani mdogo wa kijani unaopenda maji ya magadi, maji matamu yakiingia mengi magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, na ndege si mjinga, anaruka anaenda Bogoria ama Elementaita ama anashuka mpaka Natron Tanzania. Mgeni ameona picha ya ziwa lote la rangi ya waridi kwenye kalenda iliyopigwa zamani huko, anafika anaona maji ya kijivu na ndege wachache kule mbali, anamgeukia dereva kana kwamba dereva ndiye amewafukuza. Sasa maji yakipungua kidogo ndege wanarudi, yakijaa wanaenda, hakuna anayeweza kumwahidi mgeni kitu. Na biashara ya utalii yote ni ahadi, mtu analipa Januari kitu atakachokiona Agosti.

Hapo kwenye ahadi ndipo nyinyi watu wa magazeti mnaingia na naomba mnivumilie niseme. Mafuriko yakitokea mnakuja, mnapiga picha ya paa na mtumbwi, kichwa cha habari kinasema ziwa limemeza hoteli, ni kweli limemeza. Baada ya miezi tunatengeneza gati mpya, kempu mpya zinajengwa juu zaidi, boti zinafanya kazi, hamrudi. Ile picha inabaki kwenye mtandao, kila mvua ikinyesha mtu anaisambaza upya bila tarehe, na mimi napigiwa simu na ajenti wa Nairobi anasema wageni wake wameona mmefunga, nikimwambia hatujafunga anasema nimtumie video ya leo, namtumia, anasema ataniambia. Haniambii. Mwaka 2024 ilikuwa hivyo nchi nzima, televisheni za ng'ambo zinasema mafuriko Kenya na ramani yote imepakwa rangi moja, mgeni wa Ujerumani anauliza kama hoteli yake ya Malindi iko salama kwa sababu mto umefurika Narok. Wiki hiyo hiyo kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania, feri za Dar na Unguja zikasimamishwa, basi ikawa Afrika Mashariki yote ni maji. Na si sisi peke yetu tunaoumizwa na ramani, 2010 lile volkano la Iceland lilipofunga anga ya Ulaya kwa majivu hapa Kenya hakukuwa hata na wingu lakini watalii walikwama na maua ya Naivasha yalioza kwa kukosa ndege.

Maasai Mara nayo nina la kusema ingawa si kwangu. Tunajenga kando kabisa ya maji manake mgeni anataka kusikia kiboko akiwa kitandani, na anayejenga karibu zaidi ndiye anayetoza zaidi. Baada ya Talek kufurika zikatoka amri, watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, kelele nyingi, kisha jua likawaka. Mto wa Mara si kama ziwa letu, mto unajulikana utapita wapi, unaacha alama zake kwenye miti, takataka zimenasa juu ya matawi ukitazama utaona maji yalifika wapi mara ya mwisho. Aliyeweka hema chini ya hiyo alama alijua ama hakutaka kujua. Kwetu huwezi kusema hivyo kwa urahisi, watu walijenga mbali na maji na maji yakawafuata, ingawa pia wazee wa Ilchamus wanakumbuka zile mvua za 1961 wakati maziwa yote yalipanda, walikuwa wakionyesha kwa mkono kwamba ziwa lilifika pale, na wenye ramani hawakuwauliza.

Sasa nataka nini? Sitaki unga. Sheria ya Utalii ya 2011 iliweka Mfuko wa Utalii na hoteli na mikahawa inakatwa asilimia 2 ya mapato inapeleka huko. Hoteli za kando ya Baringo zilikuwa zinapeleka kabla hazijazama, miaka na miaka, na hela hiyo ilitokana na wageni ambao sisi ndio tuliwatembeza. Mimi naona ni haki sehemu ya huo mfuko iwekwe kando kwa ajili ya mahali palipopigwa na maji ama moto ama ukame, na isiende kwa mwenye jengo peke yake. Mwenye jengo ana bima, ana wakili, akizama anaenda kujenga Nanyuki. Mwenye boti moja aliyoinunua kwa mkopo wa sacco hana pa kuipeleka, boti ya Baringo haiendi Nanyuki. Vikundi vya watu wa boti vimesajiliwa, vina wenyeviti, vina majina na namba za simu, mtu akitaka kujua nani amekosa kazi mwezi huu hahitaji mtaalamu, anapiga simu moja.

Na kuhesabu pia. Kama wanaweza kujua wageni milioni 2.39 walioingia nchini basi wanaweza kujua wangapi walifika Baringo, Bogoria na Nakuru mwezi kwa mwezi na watoe hizo namba zikiwa zimetengana, siyo kutupikia kwenye sufuria moja na Diani. Mwezi ambao namba ya Baringo imeanguka na ya Diani imepanda tutajua hela imehamia wapi, na wenye mfuko watajua waangalie wapi. Alama za maji nazo, nguzo zilizopigwa rangi kando ya ziwa na mtu wa kuzisoma kila wiki na kuzitangaza redioni kwa lugha za huku, ili mwenye kempu aamue mapema kuhamisha vyoo na jenereta, asingoje mpaka viboko wawe jikoni. Hiyo haihitaji wafadhili wa kutoka ng'ambo, ni nguzo na rangi.

Kuna rafiki yangu wa Naivasha aliniambia mwaka 2025 mtaa wa Kihoto ulipoingia maji waliona boti za watalii zikibeba makochi na magodoro ya watu, akasema siku hizo angalau boti zilikuwa na kazi. Tulicheka, lakini ni kweli, na hao wenye boti walipotaka hela ya petroli kuna waliowatukana.

Niongeze tu kwamba sasa hivi tuko wazi. Barabara ya kutoka Nakuru ni lami, unapita Mogotio unapiga picha pale kwenye ikweta, Marigat unanunua asali, ukifika Kampi ya Samaki usitafute gati ya zamani, uliza watu wa boti. Ndege wapo, zaidi ya aina 400 wameandikwa hapa, na ile miti iliyokufa ndege wengine wameipenda wamejenga viota huko, kwa hiyo mpiga picha hatakosa. Mwandishi wako akitaka kuja nitampeleka bure mzunguko mmoja, petroli tu atoe.

Wenye Mfuko wa Utalii kama wanasoma hili gazeti naomba wajibu hapa hapa, kwenye ukurasa huu wa barua, kwamba ile asilimia 2 iliyotoka Baringo tangu maji yaanze kupanda ni shilingi ngapi na iliyorudi Baringo ni shilingi ngapi. Wasitume mtu wa kufanya warsha.

Mwendesha boti,
Kampi ya Samaki, Baringo